Siku ya intavyu mwili ukae vipi ili watu wakusikie

Kuna intavyu moja niliikosa miaka ya nyuma na mpaka leo najua niliikosa kwa sababu ya kukaa tu. Majibu nilikuwa nayo yote, nilijiandaa wiki nzima, ila nilipoingia nikakaa ukingoni mwa kiti, begi nimelipakata kifuani kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata, alafu nikajibu maswali yote naangalia meza. Baadaye mmoja wa waliokuwa kwenye lile jopo akanipigia simu akaniambia kwa upole, "tulidhani hii kazi huitaki". Iliniuma sana maana nilikuwa naitaka mno.

Miaka ikaenda, kazini nikaanza na mimi kuitwa kukaa upande wa pili wa meza kusaidia kusaili watu, na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniambia. Anayekusaili hakuchunguzi kama mpelelezi. Ameshasikiliza watu sita toka asubuhi, kachoka, mbele yake ana karatasi ya kuweka maksi, anachotaka ni kusikia jibu lako aandike alama aende swali linalofuata. Mwili wako ukiwa umetulia hata hauoni, anasikia maneno. Ukihangaika, mguu unatikisika, peni inabofywabofywa, macho yanakimbia huku na huku, basi nusu ya akili yake inahamia huko na jibu lako zuri linampita. Kwa hiyo hapa sitakufundisha kuigiza mtu anayejiamini, nataka tuondoe vile vitu vinavyofanya usisikike, basi.

Kwanza tuondoe maneno ya uongo yanayozunguka mtandaoni. Utasikia mtu anakwambia asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno yenyewe ni asilimia 7 tu. Hizo namba zinatoka kwa profesa mmoja wa saikolojia anaitwa Albert Mehrabian, mwaka 1967, na majaribio yake yalihusu jambo dogo sana, yaani mtu akitamka neno la kupenda au kuchukia alafu sauti na sura vinasema kinyume, msikilizaji ataamini kipi. Mehrabian mwenyewe ameshaeleza kwamba hesabu ile ni ya hisia za namna hiyo, usiichukue ukaipeleka kwenye kila mazungumzo. Fikiria mwenyewe, ukiulizwa umewahi kusimamia bajeti ya mradi, asilimia 93 ya jibu itatokea wapi kwenye mabega? Maneno yako ndo yana kazi. Mwili unayabeba tu, na ukiyabeba vibaya yanamwagika njiani.

La pili ni lile la kusimama chooni dakika 2 umetanua miguu na mikono kiunoni eti homoni zinabadilika unakuwa jasiri. Utafiti ulioanzisha hilo ulitoka 2010, wa Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, na walipima watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine wakarudia na watu 200, homoni hazikubadilika, watu walisema tu wanajisikia wana nguvu zaidi. Na 2016 Carney mwenyewe akatangaza kwamba haamini tena kama ile athari ipo. Sasa kama kusimama hivyo kunakupa raha simama, ila usitumie dakika zako za mwisho kwenye hilo wakati kuna vitu vya maana zaidi vya kufanya.

Maandalizi yenyewe yanaanza siku kadhaa kabla, na kifaa unacho tayari mfukoni, simu. Iegeshe sehemu mbele yako, weka kiti na meza kama unavyotegemea itakuwa, vaa zile nguo na vile viatu utakavyovaa siku yenyewe (hili watu wanalipuuza alafu siku ya siku koti linabana mabegani, mtu hawezi hata kunyanyua mkono, au kiatu kinamuuma anakaa upande), alafu jirekodi ukijibu maswali matatu. Moja rahisi, la kujieleza wewe ni nani. Moja la kazi yako. Na moja lile unaloliogopa, na wewe unalijua ni lipi, kwa nini uliacha kazi ya mwanzo, kwa nini una miaka miwili hapo katikati hukufanya chochote, kwa nini hukumaliza kozi.

Ukimaliza itazame hiyo vidio bila sauti. Ndiyo, zima sauti kabisa. Ukiwa unasikia maneno yako akili inafuata maneno, ukizima unaona mtu. Utashangaa. Mimi niligundua nakunja midomo ndani kila nikimaliza sentensi, miaka yote sikuwa najua na hakuna rafiki aliyewahi kuniambia. Andika kitu kimoja au viwili tu vinavyosumbua, usiandike kumi, maana ukiingia chumbani na orodha ya mambo kumi ya kukumbuka utakuwa unajiangalia mwenyewe badala ya kusikiliza swali. Alafu rudia kuangalia lile swali unaloliogopa. Mara nyingi mwili wote umekaa vizuri kwenye maswali mawili ya kwanza, ukifika hapo mikono inakunjwa kifuani, sauti inashuka, macho chini, kichwa kinainama upande. Hapo ndipo pa kufanyia kazi kuliko sehemu nyingine yoyote. Jibu lile swali kwa sauti mara kumi, kumi na tano, mpaka mdomo ulizoee, na utaona mwili unaacha wenyewe kujikunja kwa sababu hakuna tena kitu cha kukimbia. Niamini kwenye hili, ukijaribu kuushika mwili kwa nguvu huku jibu lenyewe hulijui vizuri, utashindwa. Tengeneza jibu kwanza.

Siku yenyewe mapokezi

Hesabu kwamba intavyu imeanza pale ulipofika mlangoni. Aliyekupokea anaweza kuulizwa baadaye, na hata asipoulizwa, mwili uliokaa vibaya nusu saa hauwezi kubadilika ghafla kwa hatua tano za kuingia ndani. Kitu kinachoharibu watu hapo ni simu. Mtu anainama, shingo mbele, mgongo umekunjika, mabega yameingia ndani, anaperuzi dakika ishirini, akiitwa anashtuka, anaingia na mgongo ule ule. Weka simu ndani ya begi ukiwa umeizima. Kaa mgongo umegusa kiti, angalia watu, angalia ofisi, soma kilichobandikwa ukutani.

Mizigo yako ipange mapema, mkono wa kulia uwe huru, bahasha na begi viwe kushoto, usije ukaitwa ukaanza kuhamisha vitu huku mwenzio kanyoosha mkono anasubiri. Viganja vikitoka jasho pangusa kwa leso muda mfupi kabla, na vikiwa baridi viweke chini ya mapaja dakika moja vinapata joto. Ukiitwa usiruke, simama taratibu, vuta pumzi moja, twende.

Kuhusu kupeana mkono sitakaa sana. Wasubiri wao, wakinyoosha na wewe toa, shika kiganja kizima sio vidole, kwa nguvu ya kawaida kama unavyofungua kitasa cha mlango, angalia uso wa mtu, achia. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama walipima salamu za mikono za watu 112 wakakuta wenye mkono imara waliacha picha nzuri zaidi ya kwanza, na hiyo ni kwa wanawake na wanaume, kwa hiyo dada zangu msiogope kushika mkono wa mtu vizuri. Wapo wasiopeana mikono kwa imani yao au kwa afya au basi tu hawapendi, usilazimishe na usione umedharauliwa, inamisha kichwa kidogo na salimia. Na kama wewe ndiye hushiki mikono, weka kiganja kifuani, tabasamu, sema neno moja la salamu, inatosha kabisa na hakuna haja ya kuanza kutoa maelezo marefu.

Kukaa

Hapa ndo niliposhindwa mimi kwa hiyo nipe muda. Ukishakaribishwa, sukuma makalio mpaka nyuma ya kiti, yaani mwisho kabisa, alafu egemea kidogo, alafu nyayo zote mbili ziguse sakafu. Nyayo nimezitaja makusudi. Mtu akikaa miguu imening'inia au imepandana na mmoja unachezacheza, mtikisiko unapanda mpaka mabegani na sauti nayo inayumba, ila nyayo zikishika chini mwili wote unapata pa kutulia. Ukiwa mfupi kiti kikawa kirefu, sogea mbele kidogo mpaka nyayo ziguse, ni bora ukose kuegemea kuliko kuning'inia. Ukipenda kupandisha mguu mmoja juu ya mwingine sio dhambi, ila wengi tukifanya hivyo ule mguu wa juu unaanza kupiga ngoma wenyewe na hatujui.

Kuwa makini na viti vinavyozunguka. Nimeona mtu mzuri kabisa, sivii imeshiba, anajibu kila swali anazunguka kushoto kulia kushoto kulia, mpaka mwenzangu mmoja akawa hamwangalii tena. Ukikuta kiti kama hicho sogea karibu na meza, kaza nyayo chini, tumbo lielekee kwa aliyekuuliza. Na kiti kikiwa kibovu au kimekaa vibaya jua linakupiga machoni, omba usogeze. "Samahani, naweza kusogeza kiti kidogo?" Hakuna atakayekunyima, na umeshaonyesha wewe ni mtu mzima unayeweza kusema shida yako.

Begi chini pembeni ya mguu. Usilipakate. Nimeshakuambia yaliyonikuta.

Kifua kiwe wazi lakini usikidunishe wala kukitunisha kama askari kwenye gwaride, kaa kama unavyokaa ukiwa na mtu unayemheshimu anayekusimulia jambo unalotaka kulijua. Ile ndo picha ninayompa kila anayeniuliza, maana mtu akisikiliza kwa kutaka kujua, mwili wake unainama mbele kidogo wenyewe, uso unafunguka, mikono inatulia, hakuna aliyemfundisha.

Mikono

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni mikono niweke wapi. Iweke mezani kama ipo meza, kiganja kimoja juu ya kingine au vimeachana kidogo, vidole vimelegea. Kama hakuna meza, juu ya mapaja. Isiwe mfukoni, isiwe katikati ya magoti, isiwe chini ya meza ambako haionekani kabisa, maana mikono ikifichwa inaanza kufanya mambo yake, kung'oa kucha, kuzungusha pete, kuchana karatasi vipande vipande. Peni weka chini kama huandiki. Sio lazima uwe na peni mkononi.

Alafu ukianza kuongea iache itembee. Watu wengi wanafundishwa kuibana mikono isitikisike kabisa na matokeo yake mtu anaongea kama anasoma ubaoni. Mikono inasaidia hata kupata maneno, angalia mtu anaongea na simu, hamwoni mwenzie lakini mkono unapiga hewa tu. Kipimo changu ni kwamba ichezee eneo la kati ya kitovu na kifua, upana wa mabega. Ikizidi hapo ikaanza kupita usoni kwako, watu wanafuata mkono. Ukisema tulikuwa na hatua tatu, onyesha vidole vitatu, ukisema mauzo yalipanda pandisha kiganja kidogo, viende pamoja na maneno. Ukimaliza sentensi rudisha mezani, ndo maana nikasema uwe na mahali pa kuirudisha.

Kujigusa uso, kujikuna shingo, kurekebisha nywele au hijabu au tai kila dakika, hivyo ndo vya kupunguza. Huwezi kuvimaliza vyote na usijaribu, ukijikuna mara moja kwa sababu panawasha hakuna anayehesabu. Ila nywele kama zinaangukia jicho zibane mapema nyumbani.

Macho

Hapa kuna woga mwingi ambao hauna msingi. Watu wanaamini ukitazama pembeni utaonekana muongo. Kusema kweli binadamu ni wabovu sana wa kumtambua muongo kwa kumwangalia, Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi mwaka 2006 wakakuta wastani watu wanapatia asilimia 54 tu, karibu sawa na kurusha sarafu. Na kuangalia pembeni ukiwa unafikiri ni jambo la kawaida la akili, mtu akiulizwa swali gumu anahamisha macho ili apunguze vitu vya kuona afikiri vizuri, kila mtu anafanya. Kwa hiyo ukiulizwa jambo linalohitaji kukumbuka, tazama juu kidogo au ukutani, fikiri, alafu urudi na macho kwa mtu unapoanza jibu. Kinachochosha ni kutokurudi kabisa.

Na kinyume chake nacho kinachosha, yule anayekutolea macho bila kupepesa kama anataka kukuhipnotaizi. Kuna utafiti uliofanywa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi London, ukatoka 2016, karibu watu 500 wakaonyeshwa vidio za watu wakiwatazama, wastani uliowapendeza ulikuwa sekunde 3 na kidogo. Usihesabu sekunde, nakupa tu ujue kwamba kutazama kwa mafungu mafupi ndo kawaida. Maliza wazo moja ukiwa na mtu mmoja, hama.

Kwenye jopo la watu watatu au watano fanya hivi, anza na aliyeuliza, katikati ya jibu wagawie na wengine macho, sentensi moja moja, alafu malizia kwa aliyeuliza. Usimsahau anayeandika. Anayeandika ameinamia karatasi muda wote na watu wanamuacha kama hayupo, wakati maksi zako ziko kwenye kalamu yake. Akiinua kichwa akakutane na macho yako. Na kuna yule mmoja kila jopo linaye, kanuna, hatingishi kichwa, haitikii. Usimkimbie na usimgande. Mara nyingi sura yake ndo hivyo ilivyo au ameambiwa asionyeshe hisia ili wote wapate usawa, mimi mwenyewe nilishapewa maelekezo hayo na nina hakika kuna watu walitoka wanadhani nawachukia. Mgawie macho kama wengine, endelea.

Kama kutazamana machoni kwako ni kazi kweli kweli, iwe kwa malezi, iwe kwa usonji, iwe basi tu ndivyo ulivyo, tazama katikati ya nyusi au daraja la pua. Kwa umbali wa meza mwenzio hawezi kutofautisha. Na ukiwa na hali yoyote ya mwili inayoonekana, mkono unaotetemeka kwa ugonjwa, kigugumizi, sikio moja lisilosikia, ni haki yako kutosema, ila kwa uzoefu wangu sentensi moja mwanzoni inasaidia sana. "Sikio la kushoto halisikii vizuri, nikigeuza kichwa ni ili niwasikie." Wakishajua wanaacha kujiuliza.

Uso wenyewe. Tabasamu unapoingia, unapotajiwa majina, unapoaga, na popote kitu kilipokufurahisha kweli. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli linahusisha na misuli ya kuzunguka macho, la kulazimisha linaishia mdomoni. Kwa hiyo lile la kubandika nusu saa nzima linaonekana, na mashavu yanauma bure. Ongelea kazi unayoipenda, mtu uliyemsaidia, tatizo ulilolitatua ukalala vizuri siku hiyo, macho yatacheka yenyewe. Wakati wa kusikiliza itikia kwa kichwa mara moja moja pale ulipoelewa. Ukiitikia mfululizo kama mjusi anaona unataka amalize haraka.

Pumzi na sauti

Mtu akiwa na hofu moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, mikono inatetemeka, hiyo ni adrenalini, homoni ya hofu, mwili unakuandaa kupambana au kukimbia na haujui kwamba mbele yako ni kikao tu cha watu na makaratasi. Huwezi kuiamrisha iache. Unachoweza ni pumzi. Vuta kwa pua taratibu ukihesabu hadi nne, toa kwa mdomo ukihesabu hadi sita au nane, ule utoaji mrefu ndo unaopunguza mapigo ya moyo. Fanya mara tano ukiwa mapokezi, hakuna atakayeona.

Alafu usijiambie "tulia, tulia". Alison Wood Brooks alichapisha utafiti 2014, watu waliojiambia nimesisimka, nina hamu, walihutubia vizuri kuliko waliojiambia nimetulia. Inaeleweka, kutoka kwenye mapigo ya kasi kwenda kwenye utulivu ni safari ndefu, ila kutoka kwenye hofu kwenda kwenye hamu moyo unabaki na kasi ile ile, unabadilisha jina tu. Jiambie nina hamu ya kuwaambia hawa watu nilichofanya.

Na jambo lililonisaidia mimi kuliko yote ni kujua kwamba hofu yako haionekani kama unavyodhani. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba watu hukadiria kupita kiasi jinsi hisia zao za ndani zinavyoonekana nje. Nikiwa upande wa pili nimethibitisha kwa macho, mtu anakuja kuniambia baadaye alikuwa anatetemeka vibaya na mimi nilikuwa sijaona kitu. Kwa hiyo mikono ikitetemeka iunganishe pamoja juu ya meza, usinyanyue glasi ya maji imejaa, ukitaka kunywa shika kwa mikono miwili au kunywa chupa yako, endelea na jibu. Ukipoteza kabisa wazo sema, "naomba sekunde chache nifikirie", toa pumzi, kunywa maji, rudi. Ukimya wa sekunde tatu kwako ni mwaka, kwao ni nafasi ya kumalizia kuandika.

Swali likiisha usirukie jibu. Acha pumzi moja ipite. Hicho tu kinapunguza kasi ya kuongea, na wengi wetu tukiwa na hofu tunaongea kama tunakimbizwa.

Intavyu ya kwenye skrini

Hii imekuwa nyingi na ina mambo yake. Kamera iwe usawa wa macho, panga vitabu chini ya laptopu mpaka ifike, maana kamera ikiwa chini watu wanaona pua na dari, na wewe unaonekana unawatazama kwa juu. Mwanga utoke mbele yako, ukikaa mgongo kwa dirisha unakuwa kivuli cheusi na sura yako yote iliyojiandaa haionekani. Kaa mbali kidogo ili kichwa, mabega na kifua vionekane, mikono ikipanda ionekane pia.

Unapoongea angalia kamera, unapowasikiliza angalia sura zao kwenye skrini. Ni ngumu mwanzoni kwa sababu ile kamera ni nukta tu haina uso, bandika karatasi ndogo pembeni yake yenye mshale au jina la mtu unayempenda, itakuvuta. Alafu ficha kile kidirisha kinachokuonyesha wewe mwenyewe, programu nyingi zina sehemu ya kukificha, ukikiacha utakuwa unajitazama kola muda wote na wao wanaona macho yanaenda pembeni. Intaneti nayo inachelewesha sauti kidogo, mwenzio akimaliza subiri kidogo kabla ya kujibu msije mkagongana, na itikia kwa kichwa badala ya kusema "ndiyo ndiyo" juu ya sauti yake. Kama umeandika pointi zako kwenye karatasi ziweke karibu na kamera, ukizisoma pembeni kila mtu anajua.

Kuondoka

Watu wanaharibu hapa kwa uchovu. Swali la mwisho limeisha, mtu anashusha mabega, anatoa "aaah" ndefu, anakusanya vitu kwa haraka, karatasi inadondoka, anaokota anagonga kichwa kwenye meza. Wakisema tumemaliza, baki umekaa pumzi moja. Shukuru ukiwaangalia wote, sio mwenyekiti peke yake. Kusanya vitu ukiwa bado umekaa, simama, rudisha kiti mahali pake, aga, tembea mpaka mlangoni kwa mwendo wako wa kawaida. Ukiwa umejibu vibaya swali fulani usibebe uso wa msiba kutoka nao, wewe unajua ulikosea, wao pengine walikupa maksi nzuri, nimeona hilo mara nyingi tu.

Korido nayo bado ni ndani. Muage na yule wa mapokezi. Simu iwashe ukishatoka getini, na jioni ile ile kabla hujasahau andika ni swali gani mwili ulijikunja, maana hilo ndilo la kurekodi tena kabla ya intavyu inayofuata.